Andika na Huyu

Msimamizi aliisukuma karatasi kwa ncha ya kalamu. Ikateleza katikati ya marobota mawili ya foronya zilizokwisha kukunjwa, ikasimama mbele ya mwanamke.

"Soma kwanza," alisema, "kisha utie sahihi hapo chini. Hamna neno gumu humo."

Mwanamke alifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu, akaisoma akiwa amesimama. Wenzake pale kwenye dobi la hospitali, mahali pa kufulia na kupiga pasi, walimwita Bi Mvuke. Miaka kumi na tisa alikuwa upande wa pasi, na asubuhi za baridi, akitoka nje kupunga hewa, mabega yake yalifuka kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Jina lake la cheti lilibaki kwenye mafaili ya ofisi tu.

Karatasi ilikuwa fupi, imechapwa vizuri. Ilisema: mimi mwenye sahihi hapa chini nilikuwa nikifanya kazi pamoja na majeruhi siku ya ajali. Ilisema majeruhi alikuwa akiimba na kucheza mbele ya mashine. Ilisema alikwisha kuonywa mara nyingi juu ya tabia hiyo, na kwamba mkono wake uliingia kwenye roli ya mashine ya pasi kwa sababu hakuwa makini. Iliandikwa kana kwamba maneno hayo yametoka kinywani mwa Bi Mvuke mwenyewe, na jambo la ajabu ni kwamba alipoyasoma hakukasirika. Alijipapasa moyoni kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo, akakuta hamna kitu. Ilikuwa hivyo kwa wiki tisa sasa.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Yeye pia alianzia hapohapo, akisukuma matoroli ya nguo chafu, na mgongo wake ulikuwa bado umepinda kidogo upande wa kushoto. Alimweleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi, kwamba wakubwa wanataka faili lifungwe kabla mwezi haujaisha. Faili likifungwa hivyo, majeruhi atapewa barua ya shukrani na kwenda zake nyumbani, na kazi itaendelea. Likifungwa vinginevyo watakuja wakaguzi, mashine itazimwa, wagonjwa watalala juu ya magodoro matupu, na haijulikani nani atabaki kazini.

"Na si ni kweli aliimba?" aliuliza.

"Ni kweli."

"Basi."

Bi Mvuke aliikunja karatasi mara nne, kingo juu ya kingo, akaitia mfukoni. Aliomba mpaka kesho. Msimamizi alimtazama, akatazama saa ya ukutani, akamwambia kesho, kabla zamu ya mchana haijatoka.

*

Mashine yenyewe ilikuwa na urefu wa watu wawili waliolala. Roli zake mbili, mapipa marefu ya chuma, zilizunguka polepole sana, moto ukiwa ndani. Upande mmoja mtu anailisha shuka mbichi, upande wa pili mwenzake anaipokea imekauka na kunyooka. Aliyekuwa akilisha ni mwanamke wa karibu miaka sitini ambaye kila mtu, hata madaktari, walimwita Shangazi. Aliyekuwa akipokea ni Bi Mvuke. Kati yao kulikuwa na mvuke mzito, kwa hiyo kwa miaka kumi na moja walifanya kazi pamoja bila kuonana vizuri. Walisikiana tu. Shangazi aliimba, siku zote nyimbo zilezile za lugha ya kigeni, akigonga toroli kwa kisigino pale mdundo ulipohitaji.

Zikirundikana shuka pana za wodi ya wazazi, Shangazi alizunguka akaja upande huu, wakazikunja wawili, kila mmoja ameshika ncha mbili. Alimfundisha kukunja kwa hesabu. Moja, mbili, tatu, tulia. Tano, sita, saba, tulia. Unasogea mbele, unampa mwenzako ncha, unarudi nyuma. Bi Mvuke aliwahi kumuuliza kwa nini haitaji nne. Shangazi alisema nne haitajwi, nne unaikalia tu.

Mbele ya roli kulikuwa na chuma cha usalama. Kiganja kikikigusa, mashine inasimama. Lakini chuma kile kilikuwa kimechakaa, kikawa kinaisimamisha mashine kwa kuguswa na nguo tu, mara kumi kwa siku, na wodi zikalalamika kwamba shuka zinachelewa. Fundi akaambiwa akifunge juu kwa waya. Kilikaa hivyo miezi minne. Mwishowe wote walikuwa wakianika leso zao juu yake, na ya Bi Mvuke ilikuwa ya buluu.

Siku ile Shangazi alikuwa ameufikia wimbo wake wa mwisho, ule ambao mahali fulani sauti hupanda juu ikakaa hukohuko. Sauti ikapanda. Upande wa pili wa mvuke Bi Mvuke akatabasamu, maana aliipenda sehemu hiyo, akanyoosha mikono kuipokea shuka. Shuka ikaja upogo. Sauti ikakataa kushuka. Alipokuja kuhesabu baadaye, ilikuwa kama kutoka moja hadi saba kabla hajazunguka mbio na kuipiga swichi nyekundu.

Hilo la kutabasamu hakumwambia mtu.

Jioni ile yenye karatasi mfukoni, mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole mwenye grisi isiyotoka kwenye kucha, alimtazama akitia chumvi kwenye chai, akikoroga, na kuinywa yote hadi mwisho. Hakumcheka. Alisema, "Mama watoto, siku hizi ukiwa hapa ni kama uko chumba cha pili." Bi Mvuke alisema amechoka. Waliosha vyombo, wakalala.

*

Asubuhi alikwenda kwa Shangazi. Ilikuwa mara ya tatu tangu mwenzake atoke wodini, na mara mbili za kwanza alikaa pembeni ya kiti, akauliza hali, akaondoka kabla chai haijapoa.

Binti wa Shangazi, mshonaji, alikuwa anatoka kwenda kazini huku bado na pini mbili kwenye kola. Alimshika mkono kwenye ngazi akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama hajagusa santuri yake tangu arudi. Redio haitaki, simu haitaki, anakaa tu anaangalia ukuta. Labda wewe mama mdogo, alisema, akashuka.

Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, kitanda, kabati, viti viwili na kinanda cha santuri cha zamani, kifuniko chake kimeungwa kwa gundi. Shangazi alikaa karibu na dirisha. Mkono wake wa kulia ulilazwa juu ya mto, umefungwa skafu. Vidole vitatu vilikatwa, na viwili vilivyobaki havikukunjika.

"Usimwamshe huyu," alisema, akiuonyesha mkono kwa kidevu. "Siku hizi hafanyi kazi, analazwa kwenye mto kama mgeni wa heshima."

Bi Mvuke alijua ni mzaha. Aliusikia, akaupima, akaona ni mzuri, lakini uso wake haukufanya lolote. Alikaa. Aliishika karatasi ndani ya mkoba bila kuitoa. Alikuwa amepanga maneno njiani, na sasa hakuna hata moja lililosimama mahali pake.

Shangazi hakumngoja. Alisema kuna kazi anataka afanyiwe. Binti yake akiwa kazini, amejaribu kuweka santuri kwa mkono wa kushoto, sindano ikaruka kama kuku aliyetishwa, na hataki kuikwaruza, kwa sababu hakuna nyingine. "Wewe mikono yako inajua vitu visivyotakiwa kushikwa katikati," alisema. "Niwekee."

Bi Mvuke aliifahamu santuri hiyo kwa kusimuliwa tu. Kabla hawajapangwa mashine moja, kulikuwa na daktari mgeni aliyetoka mbali, ng'ambo ya bahari, akafanya kazi pale hospitalini miaka mitatu. Siku moja alishuka kwenye dobi kutafuta koti lake, akamkuta Shangazi anagonga toroli, akasahau koti. Tangu siku hiyo alikula chakula chake cha mchana nyuma ya dobi, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimfundisha kuhesabu mdundo wa salsa, dansi ya kwao. Alipoondoka alimwachia santuri. Kabla ya hapo, wiki baada ya wiki, alimtafsiria maneno ya nyimbo, naye Shangazi akayaandika kwenye daftari la shule. Kiswahili cha daktari kilikuwa cha mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, na Shangazi hakukisahihisha hata mahali pamoja. Aliandika kila jiwe.

Santuri nyingine za muziki huo, alisema Shangazi, huwa na jalada lenye picha ya mwanamke mwenye gauni fupi. Hii ilikuwa na picha ya foleni. Watu ishirini na kitu wamesimama mbele ya dirisha la ofisi lililofungwa, wamepigwa picha kwa nyuma, visogo na migongo tu. Ukiangalia sana unaona kwamba baadhi yao wamebeba matromboni, yale matarumbeta marefu ya kuvuta, na ngoma, kama watu wengine walivyobeba vifurushi. Ni bendi yenyewe, imepanga foleni.

Bi Mvuke aliitoa santuri jaladani kwa kingo, akaifuta kwa kitambaa, akaishusha. Sindano ikagusa.

Kwanza vijiti viwili, tak tak, tak tak tak, vikavu kama mtu anayebisha mlango. Kisha piano ikaingia ikirudia jambo moja kwa ukaidi, besi ikitembea chini yake kwa hatua za mtu mzito, na ghafla matromboni yote kwa pamoja, makali, hayakuwa na adabu hata kidogo. Kioo cha dirisha kilitetemeka. Mwimbaji alikuwa na sauti ya kawaida. Hakuonyesha ufundi. Aliimba kama anayemweleza jirani jambo lililompata.

"Soma," alisema Shangazi, akamsogezea daftari.

Bi Mvuke alisoma kwa sauti. "Mimi mtu wa lifti. Mimi nabonyeza nane kwa bwana, nabonyeza kumi na mbili kwa bibi. Kila siku mimi napanda mbinguni mara mia. Nyumba yangu haina kifungo katika hii lifti."

Alisimama kusoma. Wimbo huo alikuwa ameusikia kupitia mvuke kwa miaka kumi na moja. Angeweza kuupiga kwa mluzi. "Nilidhani ni mapenzi," alisema.

"Kila mtu hudhani ni mapenzi, kwa sababu unachezeka." Shangazi alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alisema daktari alimweleza kwamba kwao, wimbo huo ulipotoka, matajiri waliucheza kwenye kumbi za ghorofa ya kumi na mbili, wakishushwa na kupandishwa na mtu huyohuyo wa lifti. Shangazi alifikiri sana juu ya jambo hilo wakati akilisha shuka. "Huyu angeimba kwa kulia, ungemwonea huruma ukaenda zako. Kwa vile anakuchezesha, unabaki naye dakika saba nzima. Unatoka jasho pamoja naye. Halafu unakuta maneno yameshaingia, na hukumbuki uliyafungulia mlango saa ngapi."

Wimbo wa pili ulikuwa wa mtaa ambao mabomba yanapita chini yake kupeleka maji mtaa mwingine. Wapiga ngoma walikuwa wameacha ngoma zao wakapiga ndoo, za bati na za plastiki, na Shangazi aliweza kuzitofautisha. Alionyesha kwa mkono wa kushoto: sikiliza, hii imejaa, hii ina nusu, hii ni tupu. Ndoo tupu ndiyo iliyopigwa zaidi. Daktari alikuwa ametafsiri kiitikio hivi: "Mimi nasikia maji chini ya kitanda, lakini mdomo wangu hajatambulishwa." Shangazi alicheka kidogo, na Bi Mvuke akamwangalia akicheka, kama mtu anayeangalia mvua kupitia kioo.

Wa tatu ulikuwa ule.

Ulianza polepole, piano peke yake. Karani wa sensa anagonga mlango wa nyumba kubwa. Anauliza, humu mnaishi wangapi? Baba anasema wanne. Karani anaandika wanne. Anafunga kalamu. Hapo ndipo ngoma zinapoingia, na waitikiaji, sauti kumi labda, wanaume na wanawake, wanaanza kumwambia kitu kilekile bila kuchoka. Bi Mvuke alifuata kwa kidole kwenye daftari. Yule anayelala jikoni na viatu vyake chini ya kichwa: andika na huyu. Bibi wa chumba cha uani, ambaye sahani yake inapita dirishani: andika na huyu. Aliyepo kazini usiku na kitanda chake bado kina joto: andika na huyu. Mtoto ambaye hajapewa jina kwa kuwa wanangoja kwanza kama ataishi: andika na huyu. Karani anasema karatasi imejaa. Wanamwambia ageuze nyuma. Nyuma nako kumejaa. Wanamwambia aandike pembeni, aandike mkononi mwake. Kila mtu akitajwa, chombo kimoja kinaongezeka, tarumbeta, kengele, manyanga, hadi chumba kile kidogo kikawa kimejaa watu.

Kisha sauti ikapanda.

Ilipanda mahali palepale, ikakaa. Mikono ya Bi Mvuke ilinyooka yenyewe juu ya magoti, viganja vikiangalia juu, kama inayopokea. Aliiona ikifanya hivyo. Akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari:

"Siku ile nilidhani unaimba."

Shangazi aliiangalia mikono ile.

"Nilisikia ikipanda, nikatabasamu. Nilisimama pale. Nimehesabu, ni saba."

Wimbo uliendelea hadi mwisho wake. Ngoma zilitoka moja moja, wakabaki waitikiaji bila chombo chochote, na hao nao wakanyamaza. Sindano ilifika katikati ikaanza kukwaruza mahali pasipo na kitu, krr, krr. Hakuna aliyeinuka kuiondoa.

"Nilikuwa naimba," alisema Shangazi. "Roli iliponivuta nilikuwa nimeshafika kule juu. Sikuanza kelele nyingine. Niliendelea na ileile. Hata mimi, ungenirekodi, nisingejua pa kukata."

Bi Mvuke alifunga daftari.

"Sitakwambia si kitu, mwenzangu. Saba ni nyingi. Mimi najua ni nyingi kiasi gani." Aliurekebisha mkono juu ya mto. "Lakini ulikuja."

Bi Mvuke alitarajia kwamba sasa atalia. Alijiandaa, hata akatafuta leso kwenye mkoba. Machozi hayakuja. Kilichokuja mkononi ni karatasi, akaitoa, akampa.

Shangazi aliisoma akiwa ameiweka mbali na macho. Hakukasirika naye. Alisema imechapwa vizuri, hawakukosea hata herufi moja. Aliisoma tena.

"Waya haumo."

"Haumo."

"Na wewe umo?"

"Jina tu, pale chini."

Alimrudishia. Alimwambia asitie sahihi kwa ajili yake, wala asikatae kwa ajili yake, kwa sababu kila mmoja ana watu nyumbani, na yeye hataki kuwekwa kwenye mizani ya mtu. Kisha akamwomba aigeuze santuri upande wa pili, kwa kuwa muda wa zamu umekaribia na yeye bado hajachoka. Bi Mvuke aliigeuza, akashusha sindano, akaaga. Matromboni yalimfuata kwenye ngazi, yakamfuata barabarani hadi penye duka la vioo, ndipo kelele za magari zikayameza.

*

Zamu ilikuwa ya kawaida. Shuka mia nne na kitu. Mwanamke mpya aliyewekwa upande wa kulisha hakuimba, na chuma cha usalama bado kilikuwa kimefungwa juu, waya mpya mahali pa ule wa zamani.

Saa kumi alimwomba msimamizi karatasi nyeupe. Msimamizi alidhani anataka kufanyia mazoezi ya sahihi, akampa mbili. Bi Mvuke alikaa kwenye tenga lililopinduliwa, akaegemea meza ya kukunjia, akaandika kwa mkono wake mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema. Aliandika polepole. Jasho lilidondoka mara mbili kwenye karatasi, akalipangusa.

Aliandika kwamba Shangazi alikuwa akiimba, na kwamba aliimba kila siku kwa miaka kumi na moja na shuka zilitoka zimenyooka. Aliandika chuma, waya, na mwezi waya ulipofungwa. Aliandika leso, na kwamba ya buluu ni yake. Aliandika kwamba yeye mwenyewe alisikia akadhani ni wimbo, akakawia. Kisha aliona bado kuna nafasi, akaendelea. Aliandika jina la fundi, kwamba alisema mbele yao hapendi kufunga waya ule, akaufunga. Aliandika wanawake wawili waliokuwa kwenye mashine za kufulia na aliyekuwa na toroli mlangoni. Alipofika chini aligeuza.

Msimamizi alisoma kwa kusimama, kisha akakaa. Alipofika upande wa nyuma, midomo yake ilianza kusogea pamoja na maneno.

"Umeniandika na mimi," alisema.

"Ulikuwepo."

Alikuwa ameandika kwamba msimamizi ndiye aliyefika wa kwanza baada yake, akaufunga mkono wa Shangazi kwa foronya safi, akambeba hadi juu. Na kwamba kabla ya hapo, mara mbili, alipeleka barua ya kuomba chuma kipya, na mara ya kwanza Bi Mvuke mwenyewe alimsaidia kukipima kwa uzi. Barua hazikujibiwa. Nakala zake zimo kwenye droo ya pili.

Msimamizi aliitazama droo ya pili. Mgongo wake uliopinda ulielekea dirishani. Hakusema amekosea wala hakusema amepatia. Alimuuliza kama anajua watakachomfanya. Bi Mvuke alisema hajui. Alimuuliza kama haogopi, naye akamjibu ukweli, kwamba hajisikii kitu chochote tangu siku ile, hivyo hata kama anaogopa hawezi kujua.

Mwishowe msimamizi alifungua droo. Alitoa nakala mbili, akazibana pamoja na ile iliyoandikwa kwa mkono, akazitia kwenye bahasha ya kahawia. Ile iliyochapwa aliiacha juu ya meza, na kesho yake mtu aliweka kikombe juu yake.

*

Wakaguzi walikuja baada ya wiki mbili. Mashine ilizimwa siku kumi na saba, na kwa siku kumi na saba walipiga shuka pasi za mkono, na hazikutosha, na wodi zilipiga kelele kama ilivyotabiriwa. Baadhi ya wenzake waliacha kumsalimia Bi Mvuke. Mmoja alimwambia usoni kwamba sasa mgongo wake unauma kwa ajili ya wimbo wa mtu mwingine. Bi Mvuke alimsikiliza, akakubali kwamba mgongo huo unauma kweli, akachukua nusu ya rundo lake.

Chuma kipya kilifungwa. Faili la Shangazi halikufungwa. Lilihamia ofisi nyingine, na kila wiki binti yake alikwenda kulifuatilia akiwa na pini kwenye kola. Msimamizi alihamishiwa stoo. Na Bi Mvuke aliambiwa, kwa maneno laini, kwamba ataondolewa upande wa pasi kwa usalama wake, aende chumba cha kuchambulia.

Hiki kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha. Nguo hushuka kwa mfereji wa bati kutoka juu, zikiwa kwenye mifuko yenye namba za wodi, na kazi ni kufungua mifuko na kutenga: zenye damu huku, zenye dawa kule, blanketi peke yake. Kwa miaka kumi na tisa Bi Mvuke alizijua shuka zikiwa zimeshasafishwa. Sasa alizipata zikiwa bado na watu ndani yake. Chai iliyomwagika. Jasho lenye umbo la mgongo. Mahali mtu alipofinya kitambaa kwa ngumi usiku kucha hadi mikunjo ikagoma kunyooka.

Vitu navyo vilishuka. Vichana, soksi moja, meno ya bandia. Kulikuwa na sanduku karibu na mlango la kuvitia, na hakuna aliyewahi kuja kuuliza.

Asubuhi moja, katika mfuko wa wodi ya tano, alitikisa shuka na miwani ikaanguka juu ya meza. Kioo hakikuvunjika. Mguu mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa plasta ya kidonda, imezungushwa kwa uangalifu mwingi na mtu asiyeona vizuri. Aliinyanyua kuelekea sandukuni. Kisha akasimama. Aliifuta kwa ncha ya aproni, kioo kimoja, kioo cha pili. Akavua glavu.

Hakuwahi kupanda huko juu, kwenye wodi. Shuka zilipanda kwa toroli na kushuka kwa mfereji, na yeye alibaki chini. Alipanda ngazi akihesabu ghorofa kwa namba zilizochorwa ukutani. Juu kulikuwa na mwanga mwingi kuliko alivyozoea, akalazimika kufinya macho. Muuguzi alipita na sinia bila kumuuliza kitu.

Mlango wa wodi ya tano ulikuwa wazi. Vitanda kumi na viwili, sita huku na sita kule, na juu ya kila kimoja shuka iliyovutwa hadi kifuani, na kwenye kila shuka ule mkunjo wa katikati ambao mikono yake ingeutambua gizani. Juu ya shuka zile, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na nyuso.

Aliinyoosha miwani mbele yake. Mzee mmoja aliyekuwa anaangalia dari aligeuza kichwa, akakaza macho. Kisha wa kitanda cha pili, kisha mwanamume mwenye bandeji shingoni, akigeuka mwili mzima. Bi Mvuke alibaki mlangoni, hajui aanzie kwa nani.